Kamera Inayovaa Ndala

Jumapili, 6 Julai 2025

Droni imeanguka tena! Jana alasiri, kwenye sendofu hapa hapa mtaani Mukendo. Imegonga waya wa umeme ikaja chini kichwa mbele. Baba Dorah anasema ni upepo wa ziwani. Mwezi wa tano ilikuwa mwewe. Huyu mwanaume ana maadui wengi angani.

Panga moja la kuirusha limevunjika, hilo si neno, tuna akiba. Roho yangu ilikuwa kwenye kamera. Yeye ndiye rubani, mimi napiga picha za chini na kuhariri, kwa hiyo machozi ya kamera ni yangu. Gimbali — kile kimkono chembamba kinachoishika kamera isitikisike hewani — kilikuwa kimepinda. Nimekinyoosha kwa vidole, taratibu, kama namtoa mtoto mwiba. Nikawasha. Kikatetemeka, kikakaa sawa. Asante Mungu.

Lakini kikivunjika kweli, tumekwisha. Kipya kinaagizwa nje na kinafika kinapotaka chenyewe. Na tarehe ishirini na sita tuna harusi Butiama, kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Wamesema wazi: bila picha za angani wanatafuta watu wengine.

Natengeneza kinga.

Jumanne, 8 Julai

Kinga ya kwanza imenitia aibu. Mbele kipande cha kopo la mtindi, pembeni sponji la ndala. Ndala ya Dorah, ile iliyobaki mguu mmoja alipoenda bweni. Nikawasha bila kupima. Kumbe gimbali haina pa kugeukia! Simu ya kwenye rimoti ikapiga kelele kwamba mota imezidiwa. Nikazima mbio. Nusura nimuue mgonjwa kwa blanketi.

Ya pili nimekata kwa upana. Kamera inageuka juu, chini, kote, haigusi kitu. Nimeidondosha kwenye godoro, nikaidondosha na kwenye mkeka — sponji linafika chini kwanza, kamera inabaki inaning'inia salama. Baba Dorah kacheka mpaka kakohoa. Eti kamera yake sasa inavaa ndala kama mtu anayeenda bafuni. Nikamwambia siku atakayotua vizuri nitaivua.

Nimefurahi leo. Nikitengeneza kitu kikakubali, hata ugali unakuwa mtamu.

Ijumaa, 11 Julai

Penina wa nyumba ya pili kaja kuomba chumvi, kumbe kaja na kesi. Kwamba mume wangu siku hizi anajisikia. Wamepishana kwa muuza dagaa, kamsalimia, Baba Dorah hata shingo hakugeuza. "Hakuwaga hivyo, Mama Dorah. Au mmetajirika?"

Nimecheka. Nikamwambia tukitajirika utaona nimenunua chumvi ya kutosha.

Jumapili, 13 Julai — Kisorya

Harambee ya kanisa, jana. Watu wengi, kwaya kutoka ng'ambo wamevuka na kivuko, wamependeza. Baba Dorah kaizungusha droni juu ya paa jipya vizuri kabisa, halafu anairudisha — paaa! Kwenye tawi la mkuyu. Nimekimbia na gauni langu la kitenge mbele za watu.

Kamera nzima! Sponji limechanika, kopo limepasuka, gimbali imenyooka kama ilivyotoka dukani. Nimeruka kama mtoto. Katekista kauliza kama droni imepona au nimepata wokovu. Baba Dorah hakucheka sana. Kasema tawi lilikuwa limejificha.

Tumelala hapa. Asubuhi kabla ya misa nimeangalia video.

Tawi halikujificha. Liko kwenye picha, upande wa kushoto, kubwa, na majani yake yote. Linakuja, linakuja. Hata mtu anayekula huku anaangalia angeliona. Nimeirudia. Nikafungua na ile ya Mukendo. Waya uko pale, kushoto, muda mrefu kabla ya kugonga.

Nikafunga kompyuta nikaenda misa. Sikusikia mahubiri.

Jumatano, 16 Julai

Nimetengeneza kinga ya tatu, nene zaidi. Nimeagiza na vizuizi vya mapanga kwa kijana mmoja wa Mwanza. Baba Dorah kasema hii droni mwisho nitaivisha sweta.

Nilikuwa najicheka mwenyewe jikoni leo. Nimemwekea chai upande wa kulia. Ndipo nikajiuliza, tangu lini namwekea kulia? Sijui. Mkono wangu ulijua kabla yangu. Akiwekewa kushoto anaimwaga, anasema kikombe kimewekwa vibaya, nami nafuta meza. Pikipiki hapandi tangu Pasaka, eti tairi limeisha. Nimeenda kuliangalia lile tairi. Ni zima.

Na Penina wa watu, lazima alipita kushoto.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo, hakuna anayesoma hapa. Mtu aliyenifundisha kutazama picha! Yeye ndiye aliyeniambia, kabla hujapiga, zungusha macho pembeni kwanza. Nitamwambiaje? Akiacha kurusha droni, atabaki kuwa nani? Si kazi tu. Kila mtu Musoma anamwita Rubani.

Jumamosi, 19 Julai — Bunda

Nimesema tumtembelee wifi. Sikusema kwa nini. Hyasinta ni nesi, na ni dada yake, mambo mawili anayoyahitaji.

Nilimnong'oneza jikoni. Hakushangaa sana. Alimaliza kukaanga sato, akaja kuketi mbele ya kaka yake kama anatania. Kaka, nitazame puani, usihamishe macho, niambie vidole vingapi. Kulia akajibu. Kushoto akanyamaza. Hyasinta akachezesha vidole, akavisogeza mbele, akavisogeza tena. Baba Dorah kasema, "Wewe Hyasinta, hujaweka kidole hata kimoja." Alikuwa ameweka vitano.

Tukala samaki.

Nje, wakati wa kuagana, wifi kanieleza. Anahisi presha ya macho, lakini daktari wa macho ndiye wa kusema. Kama ndiyo, kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, kwa dawa za matone, akiwahi. Akiwahi, karudia. Kamshika kaka yake mkono, "Jumatatu, kaka. Usinichezee."

Tukaanza kurudi Musoma. Tulipofika karibu na Kiabakari kasema: baada ya harusi ya Butiama. Nikasema sawa. Sijui kama ni ahadi ya kwenda hospitali au ya kuninyamazisha.

Jumatano, 23 Julai

Yusto kapiga simu, mwenyekiti wa kamati ya harusi. Mtu wa heshima lakini maneno mengi. Kaangalia video ya Kisorya niliyomtumia kama mfano. Kaipenda. Isipokuwa kuna mstari mweusi juu ya picha kila droni ikielekea mbele kwa kasi — ni nini hicho, shemeji? Nikamweleza, kinga ya kamera. Kasema kwao Butiama hawaolewi na mstari mweusi juu ya kichwa. Iondoke. Baba wa bibi harusi anataka ng'ombe waonekane wote kutoka juu, halafu binti anashuka kutoka nyumbani mpaka kwenye mahema, droni ikimfuata bila kukata.

Nimekaa na simu mkononi. Pale nyumbani kwao tulienda kupaangalia mwezi wa sita. Nguzo za umeme zinashuka na njia, kushoto, mpaka kwenye mahema.

Nimemwambia Baba Dorah nikidhani atabisha. Kasema tu, "Itoe." Kisha kaenda kujaza betri.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikauliza kama anataka maharage au mchicha. Mimi nami!

Ijumaa, 25 Julai

Nimepanga vifaa. Nimesafisha lenzi. Nimeshinda na hasira siku nzima kwa sababu ya vitu vidogo: soksi, kifuniko cha sufuria, redio ya Penina. Si wao.

Jumamosi, 26 Julai — Butiama

Naandika ndani ya gari. Watu wanakula, tumepewa nafasi betri zipoe. Nisipoandika nitapasuka.

Asubuhi ilienda vizuri. Kanisani ni kweupe, hakuna waya, hakuna miti mirefu. Droni ilipanda ikaonyesha mawe yale makubwa ya kilimani na watu wote chini wamevaa bluu. Ng'ombe nao, kutoka juu kabisa wasishtuke. Nilikuwa nashusha pumzi kila anapotua. Kinga iko mfukoni mwangu. Kamera iko wazi, uchi kabisa, na gimbali yake nyembamba.

Sasa kimebaki kile kipande cha bibi harusi kushuka.

Baba Dorah kanifuata nyuma ya gari. Nilidhani anataka betri. Kasimama, kageuka ili anione vizuri — siku hizi anageuza mwili mzima — kasema, "Mama Dorah, upande huu sioni."

Nikauliza tangu lini. Tangu Krismasi. Krismasi! Miezi yote hii nahesabu upepo na mwewe! Nikamuuliza kwa nini hukuniambia, sauti ikapanda, mpishi mmoja akageuka. Yeye kashangaa kweli. Kasema alidhani najua. Kwamba alipoona naanza kukata ndala, kisha naongeza, kisha naongeza, akasema moyoni mke wangu ameshaona, ananistahi tu.

Kumbe alidhani zile ndala ni mimi nazungumza naye.

Nililia kidogo. Nikamwambia mwanzoni nilikuwa nalinda kamera tu, sikujua chochote. Kasema, "Basi ulinilinda bila kujua, na mimi nikakuachia." Akanifuta uso kwa kitambaa cha lenzi. Kitambaa kisafi kile! Nikamgombeza, tukacheka wote wawili kwa wakati mbaya kabisa.

Nikamwambia tumwite Yusto, tuseme droni imeharibika. Nipige ya chini, basi. Kakataa. Hakunikasirikia, kasema tu kwa upole kwamba hii anaitaka. Nikasema weka kinga angalau. Hapana, tumewaahidi. "Wewe uwe upande ule. Ukiona waya, sema. Usipige kelele, sema tu."

Nilipanda garini nikachukua hili daftari.

Sijawahi kumwongoza mtu. Kushoto kwa droni si kushoto kwangu ikigeuka. Na nikikosea? Ikianguka leo ni mbele ya Butiama nzima, na kamera haina hata uzi. Nikienda naye, je, nakubali aendelee kurusha bila kuona? Nikikaa humu garini, ndiyo namwacha peke yake na zile nguzo. Jumatatu itakuja, nitampeleka hata kwa kumvuta shati. Lakini leo ni Jumamosi.

Vigelegele. Wametoka ndani! Yusto anapunga mikono yote miwili. MC anatangaza watu wainue nyuso, droni inakuja, na wote wameinua, mpaka bibi zake yule binti waliokaa kwenye mkeka. Angani hakuna kitu bado.

Baba Dorah amesimama pale penye uwazi, rimoti kwenye mkono wa kulia. Wa kushoto ameunyoosha pembeni, haangalii. Anapapasa anatafuta bega langu.

Naenda.