Askari Aliyesimamisha Mchezo Wetu

Kampala, Jumapili

Kaka yangu Rashidi,

Salamu tele. Kadi nimeinunua hapa, lakini nitaiposti nikishavuka mpaka wa Busia, maana huku barua hufunguliwa, ndiyo maana naandika bila woga.

Jana tulicheza mpira wa kikapu karibu na Mulago. Niliporuka na kufunga kwa mkono mmoja, askari mwenye bunduki aliingia uwanjani na mwenzake, mchezo ukasimama.

"Wewe, kuja hapa! Nani nafundisha wewe kuruka hivyo?"

Nikamwendea mikono juu. "Siku hizi sote tunarusha hivi, afande."

Akampa mwenzake bunduki, akachukua mpira. "Sisi zamani, mutu naruka, kocha nafukuza yeye."

Akasimama miguu yote chini, akausukuma mpira kwa mikono miwili kutoka kifuani, kama wewe kabisa, kaka! Ukaingia. Watu wakashangilia, naye akacheka. "Sasa fundisha mimi ya kwenu."

Nikamfundisha, naye akiruka na mabuti yake. Mara mbili mpira ulipita juu ya ubao. Mara ya tatu ukazama kikapuni, akanikumbatia hadi mbavu zikaniuma, kisha akatununulia gonja, zile ndizi tamu za kuchoma. Tulipoendelea na mchezo tulishindwa, wala sikujali.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie nakula vizuri. Nakuombea mgongo upone upesi, kaka. Nina hamu ya kucheza nawe, tena kwa mtindo wako.

Mdogo wako,
Salimu