Kamba ya Mzee Mwishehe

Kisarawe, 1938

Kwako mke wangu Somoe, huko Liwale.

Mwili wangu mzima, ila roho imenichafuka. Bwana wa shamba la mkonge amepata wageni wenye baiskeli za magurudumu matatu, ambazo mtu huziendesha akiwa amelala chali, miguu mbele. Wanataka kutazama mandhari ya vilima hivi. Penye mlima hawawezi kukanyaga, basi sisi vibarua huwavuta kwa kamba, soli za viatu vyao zikielekea visogo vyetu.

Jana njia ilifika makaburini. Mzee Mwishehe, mwenyeji wa hapa niliyekuwa nikivuta naye, akasema, "Tuzunguke, jamani. Hapa amelala mama yangu."

Nyapara akamjibu, "Na bwana huyu mgeni naye amelala. Vuteni!"

Mzee akainama avute. Nikatema mate, nikamnyang'anya kamba, nikaiachia. Baiskeli ikarudi kinyumenyume hadi vichakani, mgeni akiwa juu yake.

Nimefukuzwa, naja nyumbani. Mzee ana wajukuu wa kulisha, amebaki. Leo nimemkuta akivuta peke yake, akipita palepale juu ya makaburi. Nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia.

Mumeo,
Ngulangwa