Samaki wa Midomo Minene na Ndoa Yangu

Jumapili, Julai 2007. Baridi ya mtaa wetu wa Jamhuri, hapa Nairobi, leo haina adabu, nimevaa soksi mbili na bado vidole vinauma.

Wacha niseme ukweli: wiki nzima Baba amekula ugali na chumvi. Kosa ni langu, mimi niliyemleta nyumbani Odhiambo, mzaliwa wa Kisumu.

Alikuja Jumapili iliyopita kuwasalimia wazazi, kwa sababu tunataka kuoana. Shati limepigwa pasi, mkononi sukari na mkate. Akavua kofia. Mama akamtazama masikio, akamtazama kipaji cha uso. Kisha Baba akatoa mzaha wake mmoja wa siku zote, Odhiambo akacheka, mabega yakimruka juu chini vilevile yanavyomruka Baba. Mama akaweka birika chini.

"Baba Mwende, ulipokuwa kazini Kisumu, ulikaa miaka mingapi?"

Nilidhani ni maongezi tu. Aki mimi ni mjinga.

Mgeni alipotoka, nyumba ikawaka moto. Eti Odhiambo ni mtoto wa Baba. Kwa hivyo ni kaka yangu. Kwa hivyo hakuna harusi. Baba aliapa kwa kila kitu kinachoapiwa, na kadiri alivyoapa ndivyo Mama alivyozidi kutikisa kichwa.

Sasa, kazi yangu chuoni ni jeni za samaki. Nashinda maabara huko Westlands nikilinganisha samaki wa Ziwa Tanganyika na wa Ziwa Malawi. Kila ziwa lina samaki mwenye midomo minene, imevimba utadhani kapigwa ngumi. Ukiwalaza pamoja utaapa ni ndugu. Wapi! Ndugu wa karibu wa kila mmoja wako katika ziwa lake, na wana midomo ya kawaida. Ni maisha yaliyowafananisha: wote hufyonza wadudu kwenye nyufa za mawe. Jumatatu nikamwekea Mama picha mezani, nikamweleza yote. Nilieleza vizuri, nitajisifu mwenyewe.

Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Na huyu Odhiambo amefyonza mawe gani?"

Nikaanza kupanga picha upya.

Baba akaona nazama, akaja kuniokoa. Afadhali angenyamaza. Akauliza kama jeni za samaki hao ni tofauti kabisa, huku amenikazia macho, ananiomba niseme ndiyo. Nami nikajifanya mwanasayansi. Nikasema inategemea. Pengine ni jeni tofauti, pengine ni jeni ileile imebadilika mara mbili, na pengine wote waliirithi kutoka kwa babu mmoja wa zamani.

"Babu mmoja!" Mama akasimama.

Hapo ndipo mboga ya Baba ilipokatika.

Nikiri jambo. Niliwaza kuwang'oa nywele Baba na Odhiambo nikazipime maabara. Kilichonizuia si heshima, ni woga. Je, kama Mama anasema kweli? Nampenda Odhiambo kupita kiasi. Nilipomweleza Odhiambo, alicheka, na nikamkataza kucheka mbele ya Mama hadi tufunge ndoa. Yeye akasema dawa ni moja tu, awalete wazazi wake.

Leo wamekuja.

Baba yake aliingia kwanza. Masikio yaleyale. Kipaji kilekile. Kitambi, na kalamu mbili mfukoni mwa shati, Jumapili! Karani wa serikali mstaafu, sawa na Baba. Alilegeza mshipi kabla ya kuketi, sawa na Baba. Dakika si dakika walikuwa wanalalamikia pensheni na kucheka, mabega manne yakiruka kwa pamoja. Mama akamtazama huyu, akamtazama yule. Kumbe mtoto ana baba yake, tena wamefanana chapa! Uso ukamlegea. Akaenda jikoni, akarudi na kuku, akamwekea Baba paja. Baba nusura alie. Nami pia.

Muda wote huo Mama Odhiambo alikuwa akitupima mmoja mmoja. Akaweka kikombe chini. Akamtazama Baba, akanitazama mimi na haya masikio yangu niliyorithi kwa Baba, akamgeukia mumewe kwa upole wa kutisha.

"Baba Odhiambo, ile miaka uliyofanya kazi Machakos, ulikuwa umepanga kwa nani?"

Machakos ndiko alikozaliwa Mama yangu. Tena ndiko alikoolewa.

Mzee wa watu akapaliwa na chai. Mama alibadilika rangi mara mbili, akasogeza kiti, akamshika mwenzake mkono.

"Mama Odhiambo, dada yangu, hebu kwanza nikueleze habari ya samaki."

Akaeleza, jamani! Maziwa mawili, midomo, nyufa za mawe, na kwamba makarani nao hufanana kwa kukalia viti vya serikali. Mama Odhiambo alicheka mpaka akajifuta machozi. Mazungumzo ya mahari ni Agosti.

Ile sehemu ya babu mmoja, Mama aliiruka. Akanitupia jicho, aone kama nitasahihisha.

Nikamwongezea chai. Sayansi itanisamehe, mimi nataka kuolewa.