Kikombe Ambacho Mama Mwita Hakunywa

Jumapili, mwezi wa nne, jioni.

Mvua ilianza tukiwa kanisani na hadi sasa haijaacha. Mtoto amelala. Mume wangu yuko zamu kwenye shamba la ujamaa, kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Nimebaki na daftari hili na kichwa kilichovurugika.

Sijui hata nimefanya vizuri au vibaya.

Mchungaji, ambaye hutufikia mara chache, leo alikuja kwa baiskeli, matope hadi magotini, akahubiri habari za mbinguni. Akasema watu wa kila kabila na kila lugha watasimama mbele za Mungu wakimwimbia pamoja. Akatunyooshea mkono sisi wenyewe, Wakurya, Wajaluo, Waikoma, Wanata, wote chini ya bati moja. "Mnaona? Mmeshaanza kuzoea." Mzee Okelo, mhunzi wetu, hakujizuia. "Sasa mchungaji, huko tutaimba Kijaluo ama Kikurya? Maana hawa jirani zangu wakiimba utafikiri wanagombana." Kanisa zima likaangua kicheko. Na mimi nilicheka sana.

Nilicheka mpaka nikakumbuka nimekaa na nani.

Kulia kwangu alikuwa Mama Mwita. Mwanawe, Mwita, ndiye aliyemuua kaka yangu Marwa, mwaka ule ng'ombe wetu walipoibwa na Marwa akafuata nyayo hadi ng'ambo ya mto. Mwita alifungwa, na yuko gerezani mpaka leo. Tulipohamishiwa hapa kijijini, ofisa wa kugawa viwanja aliona sote ni Wakurya, akadhani anatutendea wema kutuweka jirani. Nani angeanza kumweleza? Lori lilikuwa limeshashusha vyombo.

Kwetu, nyumba zenye damu kati yao hazili pamoja. Hatunywi chombo kimoja, hatupeani hata moto wa kupikia, mpaka wazee wa pande zote mbili wakutane mtoni, wachinje, wayamalize. Anayevunja, ugonjwa huingia kwa watoto wake. Ndivyo nilivyolelewa. Sasa wazee wenyewe operesheni hii ya kuhamia vijijini imewatawanya. Baba yangu yuko kijiji kingine, wazee wao hata sijui walishushwa wapi. Basi mimi na Mama Mwita tunaishi hivihivi, katikati yetu mstari wa mikonge. Asubuhi namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kila mtu anaendelea na kazi zake. Salamu haijakatazwa.

Shida ni kikombe. Kanisani kwetu Meza ya Bwana ni kikombe kimoja, kinapita mkono kwa mkono, benchi hadi benchi. Siku zote huwa nahakikisha sikai benchi moja naye. Leo mtoto alinichelewesha, nikakaa palipobaki nafasi.

Nilikiona kinakuja. Niseme kweli tu, sikuwa namwaza Bwana Yesu. Nilimwaza mtoto mgongoni kwangu. Nikikipitisha bila kunywa, kanisa zima litaona. Nikinywa, baba atasikia kwamba nimeimaliza damu ya Marwa peke yangu, bila wazee, bila yeye. Kikombe kikamfikia Mama Mwita, akakishika kwa mikono miwili, akakiinua karibu na midomo.

Hakunywa.

Aliniinamia, akaninong'oneza kwa Kikurya. "Kunywa wewe, mwanangu. Una mtoto."

Nikanywa, nikakipitisha mbele. Yeye akabaki ameinamisha kichwa kama watu wengine wanaosali, na hakuna aliyejua kwamba amekosa fungu lake. Mchungaji hatarudi mpaka baada ya mavuno.

Tangu hapo sijielewi. Hasira yangu kwa nyumba ile nilikuwa naijua ilipo, leo naitafuta siioni, na kutoiona kunaniudhi. Wanasema Mwita naye amebatizwa hukohuko gerezani. Marwa alibatizwa tangu mdogo. Kwa hiyo, kama mchungaji amesema kweli, siku moja hao wawili watasimama pamoja. Marwa atakuwa na ritungu lake, maana siamini kwamba huko nako watamkataza kupiga nyuzi zake kama walivyomkataza kanisani kule tulikotoka. Na Mwita kando yake, anaimba. Marwa atamtambua? Atapiga, au atanyamaza kwanza? Au wazee wa huko watakuwa wameshakutana mtoni, na sisi huku hatujapata habari?

Na kama hao wataimba pamoja, mimi na mama huyu tunangoja nini?

Lakini naogopa. Naamini ya mchungaji na naamini ya baba, na usiniulize yapi zaidi.

Kuna jambo jingine. Tangu tutoke kanisani sijaona moshi kwa Mama Mwita. Paa lake linavuja upande wa jikoni, moto utakuwa umezimika. Vibiriti duka la ushirika hawana. Majirani zake wa upande wa pili wamekwenda msibani Nyambureti. Kwangu hatakuja kuomba, namjua sasa. Atalala na njaa kwa ajili ya mtoto huyuhuyu.

Nimechota makaa jikoni, nimeyaweka kwenye kigae na kuyafunika majivu kidogo. Kigae kiko hapa karibu na mguu wangu. Mtoto anapumua vizuri. Nimemgusa paji la uso, nikamgusa tena.

Bwana, kama nakosea, nipige mimi. Huyu mwache.

Makaa yanaanza kufifia na bado sijaelewa kitu. Namfunga mtoto mgongoni, natoka.