Mlio wa Gurudumu la Nyuma

Baba Ummy,

Usiende kulichukua gari. Nimeliacha kwenye mteremko wa Kisondela, nimeliwekea mawe, na funguo ninazo mimi.

Ule mlio uliosema ni bomba la moshi siyo bomba. Asubuhi nikimpeleka Ummy shule ulizidi mpaka ukaishinda injini ya dizeli, gari likaanza kuyumba. Nikasimama, nikashuka. Gurudumu la nyuma lilibaki na nati mbili kati ya sita, zote nikazizungusha kwa vidole. Ijumaa ulibadilisha tairi mbiombio ili uwahi msikitini. ~~Sikulaumu.~~ Nakulaumu.

Tumerudi kwa miguu. Ummy amelala chumbani, usimwamshe. Uji uko kwenye chupa ya chai. Mimi nimepanda bodaboda kwenda Tukuyu kumleta fundi Kasim.

Wiki nzima uliniambia naogopa ovyo. Mwanao alikuwa amekaa juu ya gurudumu lile lile. Niliposimama akaniuliza, “Mama, tumeshafika?”

Mama Ummy