Chini ya Turubai la Kibanda cha Kofia

Ocala, Florida
11 Machi 2024

Mpendwa wifi yangu Leatrice,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu zako, na kwamba theluji ya huko Fairbanks imeanza kukuachia njia ya kutoka mlangoni. Goti lako linaendeleaje? Na Orrin, kikohozi kimepungua, au bado anamwaga dawa kwenye sinki akidhani humwoni? Mwambie shemeji yangu nimesema ainywe, asijifanye kijana.

Huku tu wazima, ila nyonga yangu inanitesa. Daktari amenikataza kutembea zaidi ya dakika kumi kwa mkupuo. Michungwa ya jirani imechanua, harufu inaingia mpaka jikoni. Janelle na mwanawe Posy huja kila Jumapili wakitoka kanisani. Hutamtambua Posy ukimwona. Ana miaka kumi na moja na miguu imeanza kumzidi.

Katika kadi ya Krismasi uliniomba nikuandikie habari ya siku ya mwisho ya kaka yako Delbert kule Bustani ya burudani, upate kuisoma mbele ya ukoo wote mwezi Julai. Uliomba pia mwaka juzi, mara tu baada ya mazishi. Mara zote mbili nilijifanya sikuona. Leo naandika, Leatrice, lakini kaa kwanza.

Wiki iliyopita Janelle alinirudisha huko. Sikutaka. Aliniambia, "Mama, umekaa ndani ya nyumba hii kama mtu anayemsubiri fundi. Twende siku mbili tu." Nikamwambia siwezi kutembea bustani ile, kutoka lango mpaka lango ni maili na maili. Akaenda gereji, akavuta shuka, akarudi akiendesha kigari cha umeme cha baba yake. Alikuwa amekichaji siku tatu bila kuniambia.

Nilipokikalia nilihisi nimekaa mapajani mwa mtu. Sponji ya kiti imebonyea kwa umbo la Delbert, mimi nikaingia humo na kupwaya. Kwenye usukani kuna kile kitufe cha mwendo, chenye picha ya kobe upande mmoja na sungura upande mwingine. Kilikuwa bado kwenye kobe. Unakumbuka alivyoogopa kugonga visigino vya watu.

Sikujua, Leatrice, dunia ilivyo ukiitazama kutoka kwenye kile kiti. Miaka minne nilitembea nyuma yake nimeshika mgongo wa kiti, nikidhani naona anachokiona. Kumbe ukikaa pale unaona mikanda, mikoba na matumbo ya watu. Wanakukatiza mbele kana kwamba hapo ulipo ni pengo tu. Muuza tiketi alimuuliza Janelle, "Anahitaji kuingia na maji yake?" Nikamwambia, "Nipo hapa chini, mwanangu. Niulize mimi."

Kwenye basi la kutoka hotelini, dereva alishusha ule ubao wa kupandia, akawazuia watu wote mpaka mimi niingie. "Rudi kinyumenyume, mama. Taratibu. Kidogo tena. Usiangalie watu, niangalie mimi." Nikagonga nguzo mara mbili. Nyuma yangu jamaa mmoja mwenye kaptura akasema, "Dawa ni kukodi kigari. Mtu unapanda wa kwanza." Janelle akamgeukia. "Kaka, unaitaka nyonga yake? Atakupa leo hii, na kigari juu." Watu wakacheka, yule jamaa naye akacheka, akanisaidia kubeba kapu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza ni mara ngapi Delbert aliingia basi lile nami nimesimama foleni na wale wanaoguna, nikitazama saa.

Halafu kuna kile kioo. Alikifunga mwenyewe kwenye usukani, kioo kidogo cha baiskeli, nami nikadhani ni cha kuwaangalia watu wanaokuja nyuma. Asubuhi ile nilikitazama nikamwona Janelle aliyekuwa ameshika mgongo wa kiti. Alikuwa akipiga miayo. Akakunja uso, akatazama juu, akapuliza pumzi, vile mtu anavyofanya akijua haonekani. Hakuwa na ubaya wowote, amechoka tu. Nikakisimamisha kigari. Delbert alikuwa na uso wangu ndani ya kioo kile kwa miaka minne.

Tangu hapo kila nilipotupia jicho kiooni nilimwona mwanamke mwenye mwendo wangu. Siyo mzuka, Leatrice, usiniogope. Ni watu tu, bustani imejaa wanawake wa umri wangu. Lakini kila mmoja alikuwa na haraka, na kila mmoja alikuwa mimi.

Sasa nikuambie nilichokuficha.

Siku ile ya Juni, Posy alikuwa na miaka tisa. Janelle alibaki kazini, tulikuwa watatu tu. Saa saba mchana nikamwambia Delbert atusubiri kwenye kibanda cha kofia karibu na daraja, kwa sababu mashua ya mle pangoni hawezi kuiingia na miguu yake. Nikamwambia, "Kaa hapa hapa, usihame, nisije nikakutafuta." Akasema sawa.

Mashua ilichukua dakika arobaini. Tulipotoka, Posy akauliza, "Bibi, tumfuate Babu?" Ningesema ndiyo, leo nisingekuwa na barua ya kuandika. Nikamwambia Babu anapumzika. Wifi yangu, nilitaka kutembea haraka. Hicho ndicho nilichotaka, hakuna kingine. Nilitaka kupita mlango bila kuuliza kama una ngazi. Tukakimbia na yule mtoto kama wendawazimu. Tukapanda treni ya juu mara mbili, tukala mikate ya kukaanga yenye sukari ya unga, tukacheka mpaka nikashika mbavu. Sijawahi kuwa na furaha namna ile tangu miguu ya Delbert ilipokataa.

Tulirudi saa kumi na nusu. Alikuwa pale pale, juani, uso umemwiva. Nikamwambia foleni ilikuwa ndefu na mashua ilikwama pangoni. Akasema, "Poleni. Mtakuwa mmechoka." Ndipo nikainama kando yake nikatupiga ile picha uliyonayo ukutani, ile ya tabasamu. Njiani kwenda chooni nikamwambia Posy kwamba hayo ya treni ni yetu sisi wawili. Wiki sita baadaye moyo wa Delbert ukasimama akiwa anafunga kamba za viatu. Daktari alisema ulikuwa umechoka siku nyingi. Sikumuuliza lolote kuhusu jua. Nikasimama kanisani nikawaambia wote kwamba matembezi yetu ya mwisho yalikuwa siku ya furaha kuliko zote. Sikutaja furaha hiyo ilikuwa ya nani.

Basi wiki iliyopita tukafika kwenye daraja. Posy, aliyekuwa akiruka mbele yetu asubuhi nzima, akasema tupite njia nyingine. Nikawaambia waende kwenye mashua, mimi nitawangoja. Janelle alinitazama kidogo, kisha akamshika mwanawe mkono wakaenda.

Nikakisogeza kigari mpaka pale. Hicho kibanda kina turubai pana la mistari, linashuka chini sana mbele. Mtu aliyesimama haoni ng'ambo ya maji, anaona kitambaa tu. Mimi mwenyewe siku ile nilisimama pale nikafurahi moyoni kwamba pamejificha. Lakini nilikuwa nimekaa sasa, na kutoka kwenye kiti unaona chini ya turubai. Unaona ng'ambo yote. Unaona mlango wa kutokea wa mashua, waziwazi, mtu kwa mtu. Nikamwona Janelle akitoka na Posy. Ningeweza kukuhesabia vifungo vya shati lake.

Muuza kofia ni mama wa makamo kutoka mji wa Ponce, kibandiko cha kifuani kinasema anaitwa Nereida. Aliniletea maji ya barafu bila kuulizwa. Akatazama kigari, akatazama kile kioo.

"Hiki nakijua," akasema. "Kilikuwa cha mzee mmoja mrefu. Mumeo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alikaa hapa mchana mzima, joto la kuua. Nikamwambia, baba, ingia huku nyuma kivulini. Akasema akihama hutamwona. Mimi zamu yangu iliisha saa kumi, nikaondoka nimemwacha. Nimejiuliza siku nyingi. Ulimpata?"

"Nilimpata."

"Ashukuriwe Mungu."

Nilijua nisiulize. Nikauliza. "Alisema chochote?"

Nereida akafikiri huku akipanga kofia. "Alininyooshea kidole ng'ambo kule. Akasema, yule mwenye fulana ya njano ndiye mke wangu. Hebu mtazame anavyotembea."

"Alisemaje? Alikuwa anacheka?"

"Sijui, mama. Nilikuwa na wateja. Sikumtazama usoni."

Nilikuwa nimevaa fulana ya njano, Leatrice. Iko kwenye picha, bega langu linaonekana pembeni.

Janelle alipofika nilimwambia betri inaelekea kuisha, turudi hotelini. Betri ilikuwa imejaa. Jioni, Posy akiwa anapiga mswaki, nilimwita nikamkalisha kitandani. Nikamwambia nilikosea kumfanya anyamaze, na kuanzia leo halazimiki kuficha. Akatazama magoti yake. "Nilishamwambia Mama, Bibi. Zamani. Siku ya mazishi."

Nikageuka kumtazama Janelle. Alikuwa akikunja taulo. Miaka karibu miwili binti yangu amekaa na jambo hili, ananiletea supu, ananikatia kucha za miguu, hakutamka neno. Nilimuuliza kwa nini alikichaji kile kigari. Akasema, "Ulihitaji kigari, Mama." Akaendelea kukunja taulo ile ile.

Kwa hiyo Delbert alijua, Posy alijua, na Janelle alijua. Umebaki wewe, ambaye umekuwa ukiwasimulia watu siku ile ya furaha kwa maneno yangu ya uongo. Naomba radhi. Ulimlea kaka yako mama yenu alipofariki, ulimfundisha kusoma, ukamkabidhi kwangu mzima mzima pale kanisani Dayton. Una haki ya kujua nilimwacha wapi.

Ya mwezi Julai uamue wewe. Ukitaka kuisoma barua hii mbele ya ukoo, isome yote, na mimi nitakuwa nimekaa hapo mbele. Ukitaka nisije, niambie nisije, sitalalamika kwa mtu. Ukikaa kimya pia nitaelewa.

Ila nakuomba jambo moja. Ukiniandikia, usinipoze kwa kuniambia kwamba hakuona, kwamba macho yake yalikuwa mabovu, au kwamba pengine alifurahi kuniona nikitembea. Usiku ninapolala namtafutia uso wa kusemea yale maneno aliyomwambia Nereida. Mara anacheka, mara hachekei kitu, mara amegeukia upande mwingine. Niachie hivyo hivyo. Wewe ulimjua tangu akiwa mtoto na sauti yake iko kichwani mwako kama ilivyo kwangu, na ukinichagulia uso mmoja nitauamini.

Nisalimie Orrin na kikohozi chake, na mwanao Lucinda, na wale mapacha wake ambao sijawashika bado. Mwambie mchungaji wenu nimezipokea kaseti za kwaya. Mungu akulinde na utelezi hapo barazani, na akupe usingizi mwingi kuliko anaonipa mimi.

Mimi mke wa kaka yako, nikupendaye hata kama leo itakuwia vigumu kunipenda,

Maudine