Mtumbwi wa Kukaa Mbali na Mkwe

Mama Robi,

Nimenunua mtumbwi, tena ule mkubwa. Haya, gomba! Najua ulitaka ule mdogo. "Baba Robi, mkubwa wa nini, tunahamia ziwani?" Na kweli, mdogo ni mwepesi, unageuka upesi, na ungetutosha mimi na wewe. Majirani hapa Gorong'a bado wananishangaa. Mkurya mwenye ng'ombe zizini anakwenda mpaka Shirati kuvua kwa kujifurahisha tu!

Robi hajambo, anakula vizuri. Aliyenitia wasiwasi ni baba yako. Tangu tukuzike, mzee hakwenda tena kunywa pombe na wenzake. Ugali anaugusa tu. Jina lako hakulitaja hata mara moja, na sisi tukaogopa kulitaja mbele yake. Nilidhani naye tutamzika, Bhoke wangu. Kisha siku moja akamtuma kaka yako aniulize: siku hizi naenda ziwani na nani? Basi, hilo tu. Nikaelewa.

Lakini mkwe! Utakaaje na mkwe kwenye mtumbwi mdogo, miguu yenu imebanana, shuka limelowa, upepo nao unalipeperusha? Nikiona mapaja ya baba yako nitaishi wapi? Nilimweleza yule fundi wa mitumbwi, Mjaluo, akacheka mpaka akaweka shoka chini. Naye ana wakwe, akanielewa. Akaniketisha nyuma ya ule mkubwa, yeye akakaa mbele kabisa, akanipa mgongo, akauliza kama heshima imetosha. Nikasema imetosha.

Jumamosi tukaenda. Mzee mbele, mimi nyuma, katikati gunia la ndizi kama mpaka wa shamba. Alipokunja shuka nikatazama mawingu. Mtumbwi wenyewe mzito, mvivu, viganja vyangu vimechubuka vyote. Ungekuwepo ungenisema mpaka jioni. Na kila neno tulipigiana kelele kama watu walio kwenye milima miwili.

Mara ndoana ya mzee ikavutwa. Sato, Mama Robi, mnene huyo! Akamtupa ndani, samaki akachomoka, akarukaruka kuja kwangu. Mzee akasahau kila kitu. Akageuka, akapanda juu ya gunia kwa magoti, shuka huko, yeye huku, tukamwangukia samaki wote wawili. Mtumbwi ukayumba, maji yakaingia. Tulipotulia, mkono wake ulikuwa umenishika bega, na uso wake uko hapa, karibu na wangu.

Nilikufa kwa aibu. Sikujua nitazame wapi.

Mzee akaanza kucheka. Akacheka hadi machozi, kisha yakawa machozi kweli, na mimi nikalia naye, samaki tumemkumbatia. Halafu akasema, taratibu, "Bhoke angetucheka sana."

Amelitaja, mke wangu. Njia nzima ya kurudi hakunyamaza: Bhoke alipokuwa mdogo hivi, Bhoke alipomficha ndama jikoni. Mengine sikuyajua kabisa! Jioni akala ugali wote, akaomba mwingine.

Lala salama, Mama Robi. Ninakuahidi, kila Jumamosi mvua ikituachia, nitampeleka baba yako ziwani, na tutakutaja.

Ni mimi, mume wako,
Baba Robi